Binti ameingia Delta, anataka tembo

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Binti yangu anasoma Georgia, Marekani, mwaka wa pili. Wiki iliyopita ameingia Delta Sigma Theta, chama cha udada cha wanawake weusi wasomi. Sasa kaniagiza kinyago cha tembo nikirudi kutoka Dar. Tembo anahusianaje na chama? Na forodha hawatanisumbua?

---

Hongera sana dada! Wangu aliingia miaka minne iliyopita, nami nilianza kwa kukosea.

Chama hicho kilianzishwa na wasichana 22 wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, tarehe 13 Januari 1913. Hata miezi miwili haikuisha, 3 Machi wakaingia barabarani kwenye maandamano ya kudai kura ya wanawake, na wakati huo kulikuwa na waandaaji waliotaka weusi watembee nyuma ya msafara. Mwanao amepokelewa na watu wa namna hiyo.

Tembo ametokana na mmoja wa wale 22, Florence Letcher Toms, aliyependa kukusanya sanamu za tembo. Wenzake wakampenda tembo naye, hadi leo. Kwao ni nguvu na uthabiti, na mkonga ukiinuliwa ni bahati njema. Mimi humwona pia jike mzee anayeongoza kundi, dada na mabinti nyuma yake.

Kosa langu lilikuwa hapo kwenye mkonga. Nilinunua Mwenge tembo mzuri wa mpingo, mkonga umelala kifuani. Mwanangu aliushika, akaufuata kwa kidole mpaka ncha, akasema polepole, "Mama, huyu kainamisha." Alimpenda, lakini nilimwona usoni. Safari iliyofuata nilimwagiza fundi mkonga juu, na uchongwe kwenye gogo hilohilo. Ule wa kubandikwa kwa gundi hukatika ndani ya begi.

Pembe ziwe za mti au mfupa wa ng'ombe. Pembe za ndovu usiguse kabisa, hata kipande cha bangili. Kagua pia kama kuna magome au matundu ya wadudu, na forodhani sema wazi kwamba una kinyago cha mbao.

Rangi zao ni damu ya mzee na maziwa. Mfungie kwa kitambaa cha rangi hizo. Fulana yenye herufi zao usijinunulie, huvaliwa na wanachama tu. Ua lao je? Ni kile kiua cha zambarau chenye majani ya manyoya, asili yake milima yetu ya Usambara. Mwambie hilo, atafurahi sana.

---

Ahsante mno dada yangu. Nimempigia fundi, anauliza mkonga uinuke kiasi gani?

---

Upite paji la uso. Na aunenepeshe pale unapoanzia.