Otoklevu ya gesi Arusha: paundi 15 zinatosha?

NesiThieta_Arusha: Habari za kazi wakuu. Vidonda vya oparesheni za uzazi vinatoa usaha kuanzia siku ya 5 hadi ya 7. Otoklevu (mtambo wa kutakasa vifaa kwa mvuke) ni ya jiko la gesi, presha paundi 15 kwa dakika 30. Mama ananyolewa kwa wembe jioni ya kuamkia oparesheni, na antibayotiki anachomwa mtoto akishatoka. Nianzie wapi?

FundiVifaaTiba_Moshi: Dada, anzia kwenye geji (kipimo cha presha). Paundi 15 ni hesabu ya pwani. Geji inasoma presha iliyozidi hewa ya nje, na Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa hiyo ni nyepesi. Paundi 15 za huko ni nyuzi 118 au 119, siyo 121 zinazotakiwa kuua vijidudu. Unahitaji 17 na kidogo. Huku Moshi 16 na nusu zinatosha. Soma kwanza kibati cha mtambo uone kikomo chake.

Kabla ya kufunga koki, acha mvuke utoke kwa nguvu mfululizo kama dakika 5. Hewa ikibaki ndani, presha itapanda lakini joto halitafika. Dakika 30 zihesabiwe joto likishafika, siyo ulipowasha jiko.

Tepu ya kipimo inayobandikwa nje ya furushi la vifaa inaonyesha tu kwamba furushi limepita kwenye joto. Weka kikaratasi cha kipimo katikati kabisa, kati ya mikunjo ya magauni ya thieta. Furushi likitoka limelowa, lirudi: kitambaa kibichi kinanyonya bakteria kutoka mezani.

DaktariZamu: Nakazia hayo mawili mengine. Wembe uachwe kabisa, unaacha mikwaruzo ambamo bakteria wanazaliana usiku kucha. Mwongozo wa WHO wa 2016 unakataza kunyoa. Nywele zikizuia kazi, tumia klipa (mashine ya kupunguza nywele).

Sindano itangulie kisu: antibayotiki ya sefazolini gramu 2 mshipani, ndani ya dakika 60 kabla ya kukata, ili dawa iwe imeshafika kwenye nyama. Vidonge vya antibayotiki vya siku 5 baadaye havilindi kidonda, vinazalisha usugu wa bakteria tu. Klorheksidini yenye spiriti (dawa ya kupaka ngozi) iachwe ikauke dakika 3, na isituame chini ya mgongo. Diathemi (kifaa cha umeme cha kukatia na kuzuia damu) ikiigusa, dawa hiyo inawaka.

NesiThieta_Arusha: Asanteni sana. Valvu yetu ya usalama inafunguka na kutoa mvuke kwenye paundi 16.

FundiVifaaTiba_Moshi: Usiikaze hata kidogo, mtambo utalipuka. Ongeza muda: kila nyuzi 3 zikipungua, muda unakaribia kuwa mara mbili. Weka dakika 60, kikaratasi cha katikati kithibitishe.