Plaza Mayor ya Salamanca au ya Madrid? Nina siku moja tu

Mtalii_Pwani: Wadau, salaam. Nakata tiketi wiki hii. Nitakuwa Madrid, na nina siku moja ya kuona Plaza Mayor, yaani uwanja mkuu wa kihistoria wa mji. Niende mji wa Salamanca, hukohuko Hispania, au nitosheke na ule wa Madrid?

Nahodha77: Mwezi gani, mkuu? Mko wangapi? Lazima mrudi siku hiyohiyo?

Bi_Kilua: Salamanca, wala usisite. Ulijengwa 1729 hadi 1755, ramani ya Alberto de Churriguera, na jengo la halmashauri lenye saa akalimalizia Andrés García de Quiñones. Una matao 88, na pande zake nne hazilingani ingawa jicho linaona mraba. Jiwe la Villamayor ni laini likichimbwa, kisha hugumu, na chuma kilichomo ndicho kinacholitia rangi ya dhahabu.

Nahodha77: Wa Madrid msiudharau: mita 129 kwa 94, roshani 237. Unashuka stesheni ya metro ya Sol, unatembea dakika chache. Baada ya moto wa 1790 Juan de Villanueva aliupunguza kutoka ghorofa tano hadi tatu na kuziba pembe zake. Ndiyo maana ukiwa ndani unajiona umezungukwa.

Mtalii_Pwani: Samahani, ni Juni. Tuko wanne, pamoja na mama, magoti yanamsumbua. Nguruwe hatuli.

Fundi_Ratiba: Juni ndiyo inabadilisha hesabu. Uzuri wa Salamanca ni taa zinapowashwa, na mwezi huo jua huzama karibu saa nne usiku. Linalowaponza wengi ni hili: wanakata tiketi ya kwenda, ya kurudi wanaiacha wanunue hukohuko. Treni za kutoka Chamartín, stesheni ya Madrid, ni chache kwa siku, na Jumapili viti huisha mapema. Wanaangukia basi linalochukua saa mbili na nusu au zaidi njiani, wakati treni ya haraka ni kama saa moja na dakika 40. Wengine wanasubiri taa na usafiri unawapita, wanatafuta chumba usiku. Nunua tiketi zote mbili pamoja, au laleni hukohuko. Kwenda na kurudi mwezi Juni, taa msizitegemee.

Bi_Kilua: Kwa mama: kutoka stesheni ni kama dakika 20 kwa miguu, chukueni teksi. Upande wa sokoni kuna ngazi, ingieni kwa Calle Zamora au Calle Toro. Ndani ni tambarare.

Nahodha77: Madrid nako epukeni Arco de Cuchilleros, ngazi zake ni kali. Piteni Calle Mayor.

Zuhura_M: Chakula: hornazo, mkate wa kujazwa wa Salamanca, ina nyama ya nguruwe ndani, msiiguse. Mkate wa ngisi wa Madrid ni sawa, ila ulizeni mafuta yamekaangiwa nini. Jikoni nyingi hufungwa kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku.

Mwanahistoria_K: Salamanca tazameni pia sura zilizochongwa juu ya matao. Ya dikteta Franco iliondolewa 2017, na ilistahili.

Nahodha77: Ingebaki, na maelezo pembeni. Historia haifutwi kwa nyundo.

Mwanahistoria_K: Hakuna aliyefuta historia, mkuu. Kuchongwa pale ni heshima.

Mtalii_Pwani: Na kahawa za uwanjani, bei zikoje?

Zuhura_M: Meza za nje mara nyingi ni ghali kuliko kaunta. Someni orodha kabla ya kukaa. Hoteli mmeshalipia Madrid?