Tupeane uzoefu: mbwa jike ulimfunga kizazi lini?

Afande wa Bombo: Wangu ana miezi 7, joto limeanza juzi. Madume wa kijiji kizima wamelala getini, mmoja anachimba chini ya uzio. Nimpeleke akafungwe leo leo?

Mama Tatu, Arua: Madume getini! Umenitonesha. Pendo wangu alifika miaka 9 hajazaa wala kufungwa, kila joto namfungia stoo. Mwezi hivi baada ya joto la mwisho akaanza kunywa maji kama ng'ombe. Posho (ugali) na mukene (dagaa), aliyokuwa akigombania, hataki hata kunusa. Nikadhani minyoo, nikampa dawa. Siku ya tatu tumbo ngoma, usaha unamtoka nyuma, nyumba nzima inanuka. Nilipanda boda nimemfunga mgongoni kwa kitenge, watu wanacheka. Daktari alimpasua kwa tochi, umeme ulikuwa umekatika. Kizazi kilitoka kimenenepa kama mkono wangu. Akazinduka, akanilamba kidole. Alfajiri nikamkuta amepoa, hapumui.

Nalongo: Bambi. Pole sana mama.

Fundi Jinja: Ndiyo maana jike azae kwanza mara moja. Wangu kazaa mara 3, mzima.

Nalongo: Kuzaa hakuzuii usaha huo! Na hao watoto wako wapi? Si ndio wanaopekua takataka sokoni?

Fundi Jinja: Wamekuomba chakula?

Mwanafunzi wa mifugo: Afande, leo hapana. Kwenye joto mishipa ya kizazi imejaa damu, upasuaji unakuwa wa hatari. Mfungie ndani wiki 3, kisha subiri miezi 2 au 3. Kumfunga kabla ya joto la kwanza kungepunguza sana uvimbe wa matiti, ila mbwa wa miili mikubwa madaktari wengi husubiri mifupa ikomae kwanza.

Baba Kevo: Wa kwetu alifungwa na miezi 4. Sasa amezeeka, akilala anajikojolea. Nafua tandiko, maisha yanaendelea.

Mzee Mbale: Mvalishe kaptula.

Nalongo: Mzee, mimi nilijaribu. Dume aliitafuna dakika 5.

Mama Tatu, Arua: Cheka tu. Afande, akipoa joto, ukiona anakunywa maji kupita kiasi, usingoje kama mimi.

Afande wa Bombo: Asanteni. Kumekucha nimewakuta wamenasana nyuma ya jiko. Dume ni wa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji.

Fundi Jinja: Hesabu siku 63. Mmoja niwekee.