Mjadala: Msanii wa wenyeji wa asili akubali kuiwakilisha serikali iliyowapora ardhi?

Wakuu, hili naomba tulijadili bila jazba.

Mwaka 1988, Shell ilidhamini maonyesho makubwa ya kazi za wenyeji wa asili mjini Calgary, Kanada, wakati wa Olimpiki ya majira ya baridi. Huku nyuma, visima vya mafuta vilikuwa vinachimbwa kwenye ardhi ambayo Wakree wa Lubicon Lake, moja ya jamii za wenyeji hao, walikuwa bado wanaidai. Wakaitisha mgomo wa kuyasusia maonyesho hayo. Rebecca Belmore, msanii wa jamii ya wenyeji wa asili ya Waanishinaabe kutoka Ontario, akawaunga mkono: alikaa kwenye theluji nje ya jumba la sanaa la Thunder Bay, kimya, akajipa namba 671B kama kitu cha makumbusho.

Mwaka 2005 huyohuyo akaiwakilisha Kanada kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa huko Italia, mwanamke wa kwanza wa wenyeji wa asili kupewa nafasi hiyo. Mimi naona alifanya sawa. Tazameni alichopeleka: video iliyorushwa juu ya maji yanayoporomoka, yeye akihangaika na ndoo ufukweni, mwishowe anammwagia mtazamaji maji yaliyogeuka damu. Hapo kuna kujipendekeza gani?

*Mchangiaji wa kwanza:*
Ndugu, hapo ndipo tunapotofautiana. Serikali inayokuruhusu uimwagie damu inaondoka na sifa ya ustaarabu, na ardhi inabaki nayo. Sisi wa Kilifi tunalijua hili. Vigango vya wazee wetu, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka waliofariki, viling'olewa vilikosimikwa, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani vikisifiwa kwa uzuri wake. Sifa haikumrudishia mtu babu yake. Kwangu mimi kazi yake kubwa ni kile kipaza sauti cha mbao cha 1991, baada ya mgogoro wa Oka, ule wa ardhi ya Wamohawk huko Quebec, Kanada, chenye mdomo wa upana wa takribani mita mbili. Alizunguka nacho, watu wakaongea na ardhi yao kwa lugha zao. Hakuhitaji bendera.

*Mleta mada:*
Kuhusu vigango sina ubishi, na pole sana. Ila hicho kipaza sauti kilianzia mji wa Banff, Kanada, kwenye kituo cha sanaa, na mpaka leo kimo katika hazina ya jumba la sanaa la hukohuko. Mwaka 1996 kilifikishwa mbele ya Bunge, Ottawa. Msanii asiye na shamba wala kampuni, gharama za kukisafirisha angezitoa wapi? Hilo ndilo naomba unijibu.