Sehewa aliyevuliwa kwa kayaki ametudhuru nyumbani: nimhifadhije baharini?

Mpiga Kasia wa Kilifi

Ndugu zangu, assalam aleikum. Ninavua kwa kayaki ya plastiki, ile ya kukalia juu, nje ya mwamba wa Kilifi, na kwa kawaida hutoka alfajiri na kurejea baada ya adhuhuri. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwatunga samaki kwenye kamba na kuwaacha ubavuni mwa chombo, ndani ya maji, kwa kuwa niliwaona wengine wakifanya hivyo na kwa kuwa sikuona pa kuweka kasha la barafu. Wakishakufa huwahamishia kwenye tundu la mbele lenye kifuniko, nikiamini kwamba kivuli kinatosha.

Wiki mbili zilizopita nilikamata sehewa wawili mnamo saa mbili asubuhi, nikafika nyumbani saa nane mchana. Hawakuwa na harufu mbaya hata kidogo. Mmoja alikaangwa, wa pili akapikwa kwa nazi. Kabla hatujanawa mikono, mama mkwe wangu alisema ulimi unamchonyota kama aliyetafuna pilipili, kisha uso na shingo vikamwiva, moyo ukamwenda mbio, na mwanangu akaanza kutapika. Daktari aliwapa dawa ya mzio na kufikia usiku walikuwa wamepata nafuu. Lakini hawa ni watu waliokula samaki maisha yao yote, na jambo hilo halijaniondoka moyoni, maana ni mkono wangu uliowaletea chakula kile. Je, kosa ni la namna nilivyowahifadhi? Na kama ndivyo, mtu afanye nini kwenye chombo chenye upana wa kiti kimoja?

Mkaguzi Mstaafu, Tanga

Pole sana, na umpe pole mama. Nimefanya kazi ya kukagua ubora wa samaki kwa muda mrefu, na dalili ulizozieleza ni za sumu ya histamini, ambayo watu wengi huidhania kuwa mzio. Sehewa, jodari, nguru na vibua wana kiasi kikubwa cha histidini, mojawapo ya vijenzi vya protini, katika nyama yao. Samaki anapokufa na kubaki katika joto, bakteria waliomo kwenye matamvua na matumbo huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, na saa chache za joto letu la pwani zinaweza kutosha.

Jambo la kukumbuka kuliko yote ni kwamba histamini ikishatokea haiondoki. Haiuawi na moto wa kukaangia, haiondolewi na ndimu wala chumvi, na kugandisha hakuipunguzi. Tena huweza kuwapo bila uvundo wowote, ndiyo maana pua yako haikukuonya. Kinga ni moja tu, nayo ni kumpoza samaki mapema hadi chini ya nyuzi 4 za sentigredi na kumweka humo mpaka anapoingia chunguni. Mtu akipatwa tena na dalili hizo na pumzi ikambana, apelekwe hospitali bila kungoja.

Sasa tazama ulivyokuwa ukifanya. Maji ya bahari yetu huwa na nyuzi 25 hadi 29 kwa kutegemea msimu, kwa hiyo samaki aliyekufa akining'inia ndani yake yuko kwenye uvuguvugu, hayuko kwenye baridi. Tundu la plastiki linalopigwa na jua ni baya zaidi, kwa sababu kivuli chake ni kivuli cha tanuri. Zaidi ya hayo, sehewa ni wa jamii ya jodari, na mwili wake una joto kuliko maji anamoogelea, hasa baada ya kupigana na mshipi. Ukimwacha atapetape mpaka afe mwenyewe, unamwongezea joto hilohilo.

Mswahili wa Maskati

Kaka wa Kilifi, huku Oman nasi tunavua kwa kayaki, na miezi ya kiangazi joto la mchana hupita nyuzi 40, kwa hiyo suala hili tumelazimika kulifikiria kwa makini. Nitakueleza ninavyofanya mwenyewe.

Nina begi laini la kuhifadhi baridi, refu kiasi cha mkono mzima, ninalolifunga kwa mikanda nyuma ya kiti. Kama halipatikani kwenu, fundi wa maturubai anaweza kulishona kwa tabaka mbili za turubai zenye mkeka wa povu wa mazoezi katikati. Natoka na chupa nne za lita moja na nusu zilizogandishwa, ambazo baadaye huwa maji yangu ya kunywa, pamoja na kilo tatu au nne za barafu iliyopondwa. Barafu naibeba kavu. Nikipata samaki wa kwanza ndipo ninapomimina maji ya bahari, kiasi cha nusu ya barafu iliyopondwa, ili uwe uji wa barafu. Uji huo hufikia chini kidogo ya sifuri kwa sababu ya chumvi, na humkumbatia samaki pande zote, tofauti na mapande makavu yanayomgusa hapa na pale huku hewa ikikaa katikati.

Lakini kabla ya barafu kuna dakika mbili za kazi. Nguru au sehewa akifika kwenye chombo, mpige rungu moja la uhakika utosini, kisha ukate matamvua upande mmoja na umtumbukize kichwa chini kwenye ndoo ndogo ya maji ya bahari mpaka damu iishe. Usimning'inize majini akivuja damu, maana miguu yako iko hapohapo na papa hawaulizi. Ukishaimwaga ile ndoo, piga kasia uondoke mahali hapo.

Mpiga Kasia wa Kilifi

Nashukuru sana, nyote wawili. Nina maswali mawili. Uzito huo hautaniyumbisha ninapopita kwenye mlango wa mwamba? Na mzee mmoja hapa kwetu amenishauri gunia lililoloweshwa, akisema barafu ni anasa.

Mwana wa Pangani

Mdogo wangu, mimi nimezaliwa kwenye ngalawa, na gunia la katani nalijua. Linasaidia upepo unapovuma na hewa ikiwa kavu, kwa sababu maji yanapokauka huchukua joto. Hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo gunia hupunguza nyuzi chache tu. Kwa changu au chewa utakayemfikisha pwani baada ya saa moja, litafaa. Kwa sehewa, usilitegemee. Lilaze juu ya begi likinge jua, hiyo ndiyo kazi yake nzuri.

Niongeze habari ya tasi, kwa kuwa wengi humkosea. Yeye hula mwani, na tumbo lake huchacha upesi likaharibu nyama iliyo karibu. Mtoe matumbo mapema kwa maji safi ya nje, si maji ya bandarini, na ujihadhari na miiba yake. Wako pia wanaodhani kwamba kukata matamvua ni kuchinja. Samaki hahitaji kuchinjwa, ni halali kwetu hata akifa mwenyewe. Damu tunaitoa kwa ajili ya ubora wa nyama.

Mkaguzi Mstaafu, Tanga

Kuhusu uzito, weka mzigo chini kabisa na katikati ya upana wa chombo, uufunge usiteleze, na ujaribu kwanza kwenye maji tulivu ya hori kabla ya kutoka nje. Kiasi cha barafu kikadirie kwa samaki unaotarajia. Kilo moja ikiyeyuka hunyonya joto linalotosha kupoza takriban kilo tatu za samaki kutoka nyuzi 28 hadi sifuri, lakini jua hula sehemu kubwa njiani, ndiyo maana kwetu tunahesabu kilo kwa kilo. Barafu ikiisha, acha kuvua, hata kama samaki bado wanakula chambo.

Jambo la mwisho ni pale ufukweni. Nimeona wavuvi waliotunza samaki vizuri baharini wakamwaga barafu yote mchangani ili kupunguza mzigo, kisha wakapanda bodaboda na samaki kwenye mfuko wa plastiki juani kwa dakika arobaini. Mwaga maji yaliyoyeyuka tu, kwa kuwa samaki akikaa sana katika maji baridi yasiyo na chumvi nyama yake hulegea. Vipande vilivyobaki vipakie pamoja naye hadi mlangoni, na huyo sehewa asikae juu ya meza ya jikoni akisubiri nazi ikunwe.