Wiki 31, mafua makali na homa: mtoto yuko salama?

Mama Kijacho wa Uyole
Habari zenu wapendwa. Ni mimba ya kwanza, wiki 31. Tangu Jumapili nina mafua, kikohozi kikavu, na mwili unauma kama nimelima heka nzima. Jana usiku homa ilifika 38.7. Baridi ya Julai huku Mbeya mnaijua. Duka la dawa wamenipa diklofenaki. Mama mkwe kachemsha majani ya mkaratusi, blanketi liko tayari, anataka nijifukize. Hivi virusi vya mafua vinamfikia mtoto tumboni? Naona tangu jana anacheza kidogo.

Mkunga, Mafinga
Mdogo wangu, naanza na ulilolitaja mwisho. Mtoto akipunguza kucheza, usisubiri majibu ya humu wala siku ya kliniki. Nenda hospitali sasa hivi mapigo yake yasikilizwe.

Diklofenaki iache. Mimba ikishapita wiki 20, dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kugusa figo za mtoto na maji yanayomzunguka yakapungua. Homa ishushe kwa parasetamoli. Mama mkwe mwambie kwa heshima blanketi hapana, mwili wako tayari unachemka.

Virusi vya influenza, yaani mafua makali, ni nadra kuvuka kondo la nyuma. Mtoto huumia kwa yanayompata mama: homa, na pumzi kupungua. Mfuko wa uzazi umeshasukuma mapafu juu, na huku mwili unadai oksijeni zaidi. Ndiyo maana mafua ambayo baba watoto anayamaliza kwa siku tatu, kwako yanaweza kugeuka nimonia. Wengi husema kinga ya mjamzito imekufa. Haijafa, imejipanga upya ili isimshambulie mtoto, ambaye nusu yake ni ya baba. Mwaka 2009, H1N1, ile influenza iliyoitwa mafua ya nguruwe, ilipoenea duniani, tuliona wajawazito wakizidiwa kuliko wanawake wenzao.

Mama Wawili, Tukuyu
Dada, usicheleweshe. Mimi nilishikwa na mafua mimba ikiwa ya miezi minane, mvua haikatiki, nikaingiza jiko la mkaa chumbani nipate joto. Lile jiko ndilo lilinimaliza. Nilikuwa siwezi kumaliza sentensi moja bila kutweta. Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kilisoma 91, iko chini, nikawekewa oksijeni siku mbili. Nilipojifungua nikaogopa kunyonyesha, kumbe nilikuwa namnyima mtoto kinga.

Mkunga, Mafinga
Kweli kabisa mama. Kinga hupita kwenye maziwa, na kabla ya hapo hupita kwenye kondo, zaidi miezi mitatu ya mwisho. Sindano ya pepopunda kwenye kadi ya kliniki hufanya kazi hivyo hivyo: anachomwa mama, analindwa mtoto. Chanjo ya influenza nayo Shirika la Afya Duniani linaishauri kwa wajawazito, maana mtoto chini ya miezi 6 hawezi kuchanjwa yeye mwenyewe. Hata ukiwa na mafua endelea kunyonyesha, ila vaa barakoa, nawa mikono.

Mama Kijacho wa Uyole
Nimefika, wamenilaza. Mapigo ya mtoto 148 kwa dakika, yako sawa, nimeyasikia kwa masikio yangu, nikalia. Kifua wanakiangalia kesho. Mama mkwe yuko hapa na chupa ya uji. Ndaga fijo, asanteni sana.