Lugha hufa kwa wasemaji kupungua, au kuna jambo jingine?

MpendaLugha: Wakuu, kila nikisoma habari za lugha zinazokufa naona hesabu ya wasemaji tu. Ni uchache unaoua kweli? Na kamusi ikishaandikwa, kinapotea nini?

Nahau: Idadi inadanganya, mkuu. Kihadza, kando ya Ziwa Eyasi, kina wasemaji kama elfu moja tu, lakini watoto bado wanakua nacho. Wayaaku wa Mukogodo, Kenya, hawakufa. Walihamia Kimaasai katika karne ya 20. Mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Walipoanza kuoana na wafugaji, mahari ikawa mifugo, na asiye na ng'ombe akadharauliwa. Lugha ya mizinga ikakosa kazi. Kwa hiyo uliza: msemaji mdogo kuliko wote ana umri gani? Akiwa na miaka 50, mnyororo umeshakatika.

Kamusi huokoa maneno, si mazoea. Wasemaji wa Kiguugu Yimithirr, Australia, kwa desturi hawasemi kushoto wala kulia. Hata kitu kilicho kando ya mguu wako wanakitaja kwa kaskazini, kusini, mashariki au magharibi. Maneno manne tu kamusini, ila kuyatumia kunadai ujue uelekeo wako saa zote.

Kinasa: Naongezea la kurekodi. Orodha ya maneno 200 ni mwanzo, wengi huishia hapo. Nasa wazee wawili wakibishana, maana "hiki mnakiitaje?" haikupi namna watu wanavyokatizana na kutaniana. Tumia faili za WAV zisizobanwa, kwa ubora wa kHz 48, biti 24. MP3 hutupa sehemu ya sauti. Kipaza sauti kiwe sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, na friji izimwe. Andika yaliyosemwa mapema: saa moja ya sauti hula makumi ya saa za kuiandika, na sehemu isiyosikika vizuri anaijua mzee mwenyewe. Akiondoka, unabaki na mafaili.

MpendaLugha: Na kufundisha shuleni?

Nahau: Kipindi kimoja kwa wiki huzaa salamu na nyimbo. Wamaori wa New Zealand walianza kōhanga reo (“kiota cha lugha”) mwaka 1982: watoto wadogo wanashinda na wakubwa wanaozungumza Kimaori tupu. Huko California, kwa lugha za wenyeji asilia, ambako watoto hawakuwa na wa kuwalea hivyo, mzee mmoja hukaa na mtu mzima mmoja, saa 10 hadi 20 kwa wiki, wakipika na kufua bila Kiingereza. Linaloharibu mpango huo ni mzee kutafsiri kila sentensi kwa huruma. Mwanafunzi anazoea kusubiri tafsiri.